Je, Wajua? Sinia Moja kwa Watu Wawili

Je, wajua kwamba mume na mke waingiapo katika mkahawa wa Kihabeshi, uwe Addis Ababa, Nairobi au Washington, aghalabu hawaletewi sahani mbili, bali sinia moja iliyotandikwa injera, mkate mpana wenye vitundu tele, uliofanywa kwa unga wa tefu, nafaka iliyo ndogo kuliko ulezi, ukachachushwa siku kadhaa, na juu yake hupakuliwa mchuzi wa kuku wenye yai zima, dengu na mboga? Hapana haja ya kijiko: mkono wa kulia humega injera, ukakunjia kitoweo ndani yake. Na lililo zuri kuliko yote, kwa rai yangu, ni ada iitwayo gursha, ambayo kwayo mmoja humfungia mwenziwe tonge akamtia kinywani kwa mkono wake mwenyewe, kwa taadhima na mahaba. Na tonge likizidi ukubwa, husemwa, mapenzi nayo yamezidi. Waendao Jumatano au Ijumaa na waulize chakula cha saumu, kwani siku hizo Waorthodoksi wa Uhabeshi hawali nyama, maziwa wala mayai, na sinia huwa ya dengu, njegere na kabichi zilizoungwa vizuri kwa mafuta ya mbegu.