Refa wa Mpira wa Kikapu Anatazama Nini?

Hapa kwetu Nachingwea na Ruangwa mchezo unaojaza watu uwanjani ni kandanda. Lakini vijana wetu hucheza pia mpira wa kikapu, hasa katika mashindano ya shule za sekondari, yaani UMISSETA. Wazazi wakienda kutazama, filimbi ikilia wengine hupiga kelele: "Refa kala hongo!" Maneno hayo ni mazito. Tusiyaseme kabla hatujajua refa anatazama nini.

Mchezo huu ulibuniwa na mwalimu James Naismith huko Marekani mwaka 1891. Hakutaka wachezaji waumizane. Kwa hiyo alikataza kukimbia na mpira mkononi, akakataza na kusukumana. Mpaka leo ubishi mwingi unatokana na makosa hayo mawili.

1. Kutembea na mpira

Mchezaji akitaka kwenda na mpira, lazima audunde. Akiudaka akiwa amesimama, mguu wake mmoja ni kigingi. Anaweza kuzunguka kwa mguu wa pili, kama mbuzi anavyozunguka kigingi chake, lakini kigingi hakihami.

Je, akiudaka huku anakimbia? Hawezi kusimama ghafla, basi anaruhusiwa hatua mbili. Hapo ndipo watazamaji wengi wanapokosea kuhesabu. Tangu mwaka 2017, kanuni za FIBA, yaani shirikisho la dunia la mchezo huu, zinaeleza hivi: mguu uliokuwa chini wakati anaudaka mpira hauhesabiwi. Hatua ya kwanza ni mguu unaofuata kukanyaga. Kwa hiyo wewe unaona tatu, refa anahesabu mbili.

Akizidisha, refa huzungusha ngumi zake mbili. Timu ya pili hupewa mpira.

2. Kumgonga mlinzi

Mwenye mpira anakwenda mbio kufunga. Mlinzi yuko njiani. Wanagongana, wote chini! Kosa la nani?

Refa haulizi nani ameumia. Anatazama nani aliwahi mahali pale. Kama mlinzi alikwisha kukanyaga chini kwa miguu yote miwili, anamkabili mwenzake, halafu akagongwa kifuani, kosa ni la mwenye mpira. Refa hupiga ngumi kwenye kiganja, na timu ya mlinzi hupata mpira.

Lakini mlinzi akijiingiza njiani wakati mwenzake amekwisha kuruka, kosa ni la mlinzi, hata kama yeye ndiye aliyeumia zaidi. Mchezaji akifikisha makosa matano ya namna hii, hutolewa mchezoni.

Refa huamua yote haya kwa kufumba na kufumbua. Ni binadamu, anaweza kukosea. Lakini mzazi akimtukana refa, mtoto naye anajifunza kutukana. Basi filimbi ikilia, tutazame kwanza mikono ya refa. Ndiyo inayosema kosa ni lipi.

Maswali ya kujadili

1. Refa akizungusha ngumi mbili, ana maana gani?
2. Kwa nini anayeanguka si lazima awe ndiye aliyeonewa?