Siku ya Nani?

Tuwan, mtaa wa Kitale, msichana wa Kibukusu aliyezaliwa wakati wa mavuno huitwa Nekesa. Mvulana wa wakati wa mvua, Wafula. Sisi wa pwani tunao akina Juma na Hamisi. Wanahua wa Meksiko nao walipewa majina ya siku, wakiyaandika kwa picha. Wahispania walipouteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521 wakaleta ubatizo, na picha zikatumiwa kuandikia sauti za majina ya watakatifu.

Huku kwetu Mzungu alileta fomu yenye jina la ukoo. "Bin" na "binti" zikaanza kuachwa. Nekesa Wafula akabebeshwa mvua ya babake, na Fatuma Juma Ijumaa ya babake. Ndugu wasomaji, tuwaandikishapo watoto, "binti" lisituponyoke: ndilo lituambialo siku ile ni ya nani.