Homa ya papasi

Homa ya papasi ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na bakteria aina ya Borrelia duttonii. Huenezwa na papasi (Ornithodoros moubata), mdudu wa jamii ya kupe anayeishi ndani ya nyumba za watu. Ugonjwa huu hupatikana Afrika ya Mashariki na ya Kati. Nchini Tanzania umejulikana kwa muda mrefu, hasa katika mikoa ya kati na ile ya kandokando ya Ziwa Viktoria. Una undugu na ugonjwa wa Lyme wa Ulaya na Marekani, kwa kuwa bakteria zote mbili ni za kundi la Borrelia.

Papasi na kupe

Kupe wa kawaida hujishika kwenye ngozi ya mnyama na kunyonya damu kwa siku kadhaa. Papasi hafanyi hivyo. Mchana hujificha katika nyufa za kuta za udongo, kwenye vumbi la sakafu na chini ya vitanda. Usiku hutoka, humnyonya mtu aliyelala kwa muda usiofikia saa moja, kisha hurudi mafichoni. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hawakumbuki kuumwa. Papasi anaweza kuishi miaka kadhaa bila chakula, na jike hurithisha bakteria kwa watoto wake kupitia mayai. Nyumba iliyohamwa inaweza basi kuendelea kuwa ya hatari.

Dalili

Homa kali huanza ghafla, mara nyingi baada ya juma moja hivi tangu kuumwa. Huambatana na kutetemeka, maumivu ya kichwa na ya viungo, na kutapika. Baada ya siku chache homa hushuka na mgonjwa hudhani amepona, lakini hurudi tena, na inaweza kurudi mara nyingi. Sababu ni kwamba bakteria hubadilisha protini za ngozi yao ya nje, hivyo kinga ya mwili iliyowatambua mwanzoni haiwatambui tena.

Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito. Utafiti wa hospitali moja ya vijijini nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba karibu nusu ya mimba za wanawake waliougua zilipotea, ama kwa kuharibika ama kwa kifo cha mtoto wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye.

Historia

Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu kadhaa walithibitisha kwamba papasi ndiye anayeeneza homa hii. Mwingereza Joseph Everett Dutton aliichunguza mashariki mwa Kongo, akaambukizwa na kufariki mwaka 1905. Bakteria ilipewa jina lake. Mwaka huohuo Mjerumani Robert Koch aliichunguza katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambayo sehemu yake kubwa ni Tanzania bara ya leo, akaona bakteria ndani ya mayai ya papasi.

Huduma kwa mifugo na kwa watu

Malampaka ni mji mdogo wa Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, kwenye reli ya Tabora–Mwanza. Wakazi wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Katika maeneo ya wafugaji kama hayo, magonjwa ya kupe ya ng'ombe yana majina yanayofahamika, kama vile ndigana kali na ndigana baridi. Kuna majosho, maafisa mifugo na dawa za kuogeshea, ambazo serikali imewahi kuzitoa kwa ruzuku. Ndigana kali ina hata chanjo inayotolewa mara moja, iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya, na ng'ombe aliyechanjwa huvishwa hereni ya alama.

Homa ya papasi haina chanjo kwa binadamu, wala haimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Mtu mwenye homa hupimwa kwanza malaria, na kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha Borrelia. Kipimo kikiwa hasi bila damu kuangaliwa kwa hadubini, ugonjwa hupita bila kutajwa. Usipotajwa hauhesabiwi, na usiohesabiwa hautengewi fedha.

Tofauti ya namna hii ipo pia kwingineko. Nchini Marekani chanjo ya Lyme kwa watu iliidhinishwa mwaka 1998, lakini mtengenezaji aliiondoa sokoni mwaka 2002. Chanjo za mbwa ziliendelea kuuzwa.

Hata hivyo, si yote yatokanayo na uzembe. Josho hufaa kwa sababu kupe huingia majini pamoja na ng'ombe. Papasi hubaki ndani ya ukuta, kwa hiyo kwa binadamu kinachohitaji kutibiwa ni nyumba yenyewe.

Utambuzi na tiba

Tone la damu lililochukuliwa wakati homa iko juu, likatiwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini, huonyesha bakteria wenye umbo la parafujo. Hadubini ileile inayotumika kwa malaria inatosha, mradi mpimaji ajue anachokitafuta. Antibiotiki za kawaida kama doksisaiklini, penisilini na erithromaisini huponya. Wajawazito na watoto wadogo kwa kawaida hawapewi doksisaiklini. Saa chache baada ya dozi ya kwanza homa inaweza kupanda sana na mgonjwa kutetemeka, kwa hiyo inafaa abaki chini ya uangalizi.

Kinga

Kinga kuu ni makazi bora: sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa lipu na nyufa kuzibwa. Kulala kitandani, mbali na ukuta, ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro hupunguza hatari. Kuku wasilale ndani, kwani papasi huwanyonya pia. Mtu ambaye homa yake inaondoka na kurudi, hasa mjamzito, aombe damu yake iangaliwe kwa hadubini hata kama kipimo cha malaria ni hasi.