Tirtha: Kivuko cha Wahindu

Mahali pa hija Wahindu hupaita tirtha. Neno hilo la Kisanskriti limetokana na kitenzi cha kuvuka, na maana yake ya kwanza ni kivuko, pale mtoni ambapo maji ni haba na msafiri hupita kwa miguu. Baadaye likawa pia mahali roho inapovukia kutoka vifungo vya dunia. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, nao huwaita walimu wao wakuu 24 Tirthankara, yaani watengeneza kivuko. Mkazi wa Kawe anayeshuka Kivukoni kupanda pantoni ya Kigamboni hahitaji maelezo marefu. Nashikilia kwamba jina hili ndilo linaloonyesha jinsi Wahindu wa Dar es Salaam (wafuasi wa dini hiyo, si Wahindi wote, kwani Wahindi wengi wa hapa ni Waislamu) wanavyoweza kuabudu kwenye pwani yetu bila kujiona wamepungukiwa dini.

Tazama Dwarka, mji wa mungu Krishna huko Gujarat, jimbo walikotoka mababu wa wengi wao. Ni moja ya sehemu nne kuu za hija India, na jina lake limejengwa juu ya neno lenye maana ya mlango. Mlango huo umefunguka baharini, kwenye mdomo wa mto Gomti. Ng'ambo ya Ghuba ya Kutch iko Mandvi, bandari ambako wafanyabiashara wa Kibhatia, waumini wa Krishna, walingoja kaskazi iwalete Zanzibar. Bahari ya Dwarka ndiyo hii hii ya Kawe.

Wapo watakaosema sheria za kale zilikataza safari za baharini. Ni kweli. Baudhayana, mmoja wa waandishi wa sheria hizo, anazihesabu miongoni mwa makosa ya kumwondolea mtu hadhi ya tabaka lake, na katika karne ya 19 Wabhatia wa Zanzibar waliwaacha wake zao Kutch kwa miaka mingi. Hata hivyo walivuka, wakaendelea kumwabudu Krishna, na wake zao hatimaye wakafuata. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tirtha ina mahali pake, na maji ya chumvi ya Dar es Salaam hayawezi kuwa mto mtakatifu wa Ganges. Lakini Mahabharata, utenzi mkuu wa Wahindu wenye orodha ndefu ya sehemu za hija, inafundisha pia kwamba zipo tirtha za moyoni, kama ukweli na subira. Na Mhindu anapoandaa maji ya ibada, huialika mito saba mitakatifu, Ganges ukiwamo, iingie katika maji yaliyo mbele yake. Dini inayoalika mto haiwezi kudai kwamba mto huo uko India tu.

Kwa hiyo familia isiyoweza kupeleka majivu ya marehemu wake India huyakabidhi bahari ya huku, yakiwa ndani ya chungu kilichofungwa kitambaa, pamoja na maua. Ukiwakuta ufukweni, usiwadhanie ushirikina, wapishe wamalize. Nao wasiache mifuko ya plastiki mchangani.