Kamashini ya Vumbi: Nayo Ipimwe!

Wandugu watumikaji, siku moja mu posti ya asubui, ajenti wa sekirite wa kampuni moja ya hapa Kolwezi alifunga kamashini ku kola ya mwenzetu mwenye kutoboa mawe. Kisha juma mbili karatasi ikabandikwa: « Vumbi iko sawa. » Mimi delege nikauliza: pompe yenyewe ilipimwa? Kimya.

Tuelewane. Unywele wa kichwa una unene wa karibu mikroni 70. Vumbi yenye kufika chini kabisa ya mapafu ni ya karibu mikroni 4 ao chini yake, macho haiioni. Kama jiwe liko na silisi, vumbi ile inaleta silikozi, na silikozi haina dawa ya kuiponyesha.

Kamashini iko na pompe ku mukaba, sikloni ku kola, na filtre ndani. Sikloni inazungusha hewa: chembe kubwa zinaanguka mu kikombe, ndogo zinanata ku filtre. Mu laboratware wanaijaribu na vumbi yenye ukubwa unaojulikana, wanahesabu zilizoingia na zilizopita. Kanuni ya kimataifa ISO 7708 ya mwaka 1995 inaomba hivi: za mikroni 4, nusu zipite; za mikroni 10, karibu moja tu kwa 100.

Lakini jaribio lile linafaa tu kama pompe inavuta vile ilivyopangwa. Sikloni ya nailoni ya milimetre 10 inaomba litre 1,7 kwa dakika. Ya Higgins-Dewell, 2,2. Pompe ikivuta sana, hata chembe mbaya zinatupwa mu kikombe. Ikilegea, kubwa zinapita, na hesabu ya hewa inakuwa ya uongo.

Basi tuombe: pompe ipimwe mbele na nyuma ya posti, delege akiwa pale, namba zote mbili ziandikwe. Tofauti ikipita 5 kwa 100, wapime tena. Nawe mwenye kuivaa, usiifunike na koti, usipindue kikombe: vumbi kubwa itamwagika ku filtre.

Sisi tulikaza, wakapima tena. Asubui pompe ilivuta 2,2. Jioni, 1,8. Karatasi yao wakaibandua wenyewe.