Fahamu: Bakteria Aishiye Ndani ya Seli za Mbung'o

Ni nini?

Wigglesworthia ni bakteria akaaye ndani ya seli makhsusi za utumbo wa mbung'o, inzi yule anyonyaye damu na kueneza magonjwa, yaani malale kwa wanadamu na nagana kwa ng'ombe.

Manufaa yake

Damu, ijapokuwa ina protini tele, ina uhaba wa vitamini za kundi B, na kwa kuwa mbung'o, dume kwa jike, hana chakula kingine, hana budi kuzipata kwa bakteria huyu. Jike aliyeondolewa bakteria hao kwa antibiotiki huwa tasa.

Alivyobadilika

Hapa ndipo penye ajabu kubwa. Mbung'o huzaa buu mmoja mmoja, akimlea tumboni kwa maziwa, na katika maziwa hayo ndimo bakteria arithishwamo kizazi baada ya kizazi, kwa mamilioni ya miaka. Naye, kwa kustarehe mahali pasipo haja ya kujitafutia riziki, amepoteza jeni nyingi mno, hata jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2002, ikadhihirika kuwa na herufi za urithi zipatazo 700,000 tu, ilhali Escherichia coli, akaaye utumboni mwa binadamu, ana zaidi ya 4,000,000. Hata hivyo jeni za kutengenezea vitamini amezihifadhi, na huo, kwa rai yangu, ni ushahidi wa wazi kabisa wa jinsi haja ya mwenyeji inavyouongoza urithi wa mgeni.

Kwa nini ni muhimu?

Buu aliyekua bila bakteria huyu hutokea kuwa mbung'o mwenye kinga dhaifu. Kwa kuwa mbung'o ndiye aenezaye malale, na bila bakteria huyu huwa dhaifu na tasa, wataalamu wanaopambana na ugonjwa huo humtafiti bakteria huyu kwa bidii.