Nyanya anapogeuzwa yaya wa bure

KULEA mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Wahenga walisema hivyo, lakini hawakutuambia kazi hiyo ni ya nani baba na mama wanapokuwa kibaruani tangu alfajiri hadi machweo.

Ukitaka jibu, msomaji, simama katika stendi ya matatu mjini Nakuru Jumatatu alfajiri, upande wa magari yaendayo Bahati, Subukia, Njoro na Molo. Utawaona wazazi vijana wamebeba watoto waliofunikwa blanketi. Mkononi wana mfuko wa nguo, pakiti ya nepi na unga wa uji. Hawaendi kutembea. Wanampeleka mtoto kwa nyanya. Ijumaa jioni watarudi kumchukua, na wengine hawatarudi hadi mwisho wa mwezi.

Waulize wazazi hao wanalipa nini kwa malezi hayo. Wengi watakutazama kana kwamba umewatusi. Tangu lini mtu akamlipa mamake? Si mjukuu ni wake? Si ndiye aliyekuwa akiuliza kila Krismasi atamwona lini?

Nami nilikuwa nikijibu vivyo hivyo. Kwa miaka miwili nilisimama katika stendi hiyo nikiwa na binti yangu mabegani, nikielekea Bahati kwa mamangu. Nilijiona mtu mwenye bahati kweli kweli, maana majirani zangu wa mtaa wa Free Area walikuwa wakibadilisha yaya kila baada ya miezi mitatu. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba malezi yale hayakuwa ya bure. Yalikuwa yanalipiwa, ila mlipaji hakuwa mimi.

Pengo la miaka karibu minne

Kwanza tusiwalaumu wazazi bure. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili, na baba wiki mbili. Mtoto naye huanza darasa la PP1 akiwa na umri wa miaka minne. Piga hesabu: kati ya siku mama anaporudi kazini na siku mtoto anapovaa sare ya shule, kuna miaka mitatu na miezi tisa. Katika muda huo wote, mzazi anajitafutia mwenyewe.

Anaweza kuajiri yaya. Agizo la serikali kuhusu mishahara la mwaka 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikuu kuwa zaidi ya Sh16,000 kwa mwezi. Kila mmoja wetu anajua kwamba yaya wengi hulipwa chini ya hapo, na kwamba hata hicho kidogo huzishinda familia nyingi. Anaweza pia kumpeleka mtoto katika kituo cha malezi mtaani, Kaptembwo ama Rhonda, lakini humo huenda akawakuta watoto wengi wakitazamwa na mtu mmoja.

Nenda Naivasha, yapata kilomita 70 kutoka Nakuru, na utayaona mambo makubwa zaidi. Mashamba ya maua yanayozunguka ziwa yamewavuta wafanyakazi kutoka Magharibi, Nyanza na kwingineko. Wengi hupanga chumba kimoja Karagita au Kihoto. Wiki za kuelekea Februari 14, wakati waridi zinapohitajiwa sana Ulaya, kazi huongezeka na saa za kurudi nyumbani husogea. Baadhi ya mashamba yana vituo vya kulelea watoto, lakini wazazi wengi huona ni heri mtoto akae na nyanyake mashambani. Ua linalonunuliwa London kwa ajili ya wapenzi, basi, lina mkono wa ajuza fulani wa Busia au Kisii ambaye hajawahi kuliona.

Kwa hiyo nyanya ndiye daraja la kuvukia pengo hilo. Swali ni kama tunakumbuka kwamba daraja nalo huchakaa.

Zamani na sasa

Wapo watakaosema kwamba hii ndiyo desturi yetu. Ni kweli kwamba katika jamii zetu nyingi nyanya na mjukuu ni kama marafiki wa rika moja. Miongoni mwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili jina la nyanya mzaa mama. Nyanya anapombeba mtoto huyo, amejibeba mwenyewe.

Lakini tusiisome desturi nusu. Nyanya wa zamani hakulea peke yake. Boma lilikuwa na wake za wanawe, shangazi na wasichana wakubwa wa kumbeba mtoto mgongoni. Nyanya alikaa kivulini akitoa amri na hadithi. Leo wasichana hao wako darasani, na ndivyo inavyopaswa, hasa tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka 2003. Wake za wanawe wako ofisini Nakuru na Nairobi. Aliyebaki bomani na mtoto anayetambaa kuelekea mekoni ni nyanya pekee, mwenye magoti yanayouma.

Na babu je? Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya muda, uliofanywa mwaka 2021 na Shirika la Takwimu la Kenya, ulionyesha kwamba wanawake hutumia muda karibu mara tano ya wanaume katika kazi za nyumbani na ulezi zisizo na malipo. Ndiyo maana hatusemi tunampeleka mtoto kwa babu, hata babu akiwa yupo na ana nguvu zake.

Ng'ombe aliyeuzwa

Nirudi kwa mamangu. Mke wangu alipomaliza miezi yake mitatu ya likizo, mama alikuja kukaa nasi Free Area. Alikaa miezi tisa. Mtoto alipotimiza mwaka mmoja, yeye akarudi kwake, nasi tukaanza zile safari za Jumatatu.

Katika miezi ile tisa mama alimuuza ng'ombe wake wa maziwa. Nilipomwuliza sababu alisema ng'ombe amezeeka. Nikaamini, maana ilinifaa kuamini. Ukweli ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumkama wala wa kumkatia nyasi. Aliacha pia chama chake cha akina mama, ambacho hukutana kila Jumatano, kwa sababu hakuweza kumpanda mlima na mtoto mgongoni. Pesa za maziwa na zamu yake ya chama ndizo zilizokuwa mshahara wake. Sisi tulikuwa tukimpelekea sukari na mkate, tukijiona watoto wema.

Aliyeyafichua haya ni kakangu mkubwa anayeishi Mombasa, tena kwa hasira. Tulikuwa Bahati sikukuu ya Desemba. "Mimi namlipa yaya kila mwezi," akasema, "na bado namtumia mama pesa. Wewe mama anakulelea bure, na pesa ninazomtumia ndizo zinazonunua maziwa ya mtoto wako. Tangu lini ng'ombe wa mama akawa mimi?"

Nilighadhabika. Nilimkumbusha usiku ule mama aliposhikwa na homa ya mapafu. Nani aliyekodi gari saa nane za usiku? Nani aliyelala kwenye benchi la hospitali siku tatu? Yeye alituma pesa kwa simu na salamu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ukitusikiliza, msomaji, ungeona kwamba sote wawili tulisema kweli. Anayeishi karibu na wazazi huchuma matunda ya ukaribu, lakini pia ndiye anayeitwa paa linapovuja na mzee anapougua. Anayeishi mbali huepuka mzigo huo, lakini mtoto wake hukua bila kumjua nyanyake. Kila mmoja alihesabu alichokosa, akasahau alichopata. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mama alitunyamazia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hamkuniuliza. Mlinijulisha tu."

Neno hilo lilinichoma kuliko yote ya kakangu. Ni kweli. Sikumbuki hata siku moja nilipomwuliza mamangu kama anataka kulea tena, akiwa na umri wa miaka 61, baada ya kutulea sisi watano.

Sheria inasemaje?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, humpa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na wajibu huo ni wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Nyanya hatajwi. Yeye yuko katika kifungu cha 57, kinachowapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Kwa maneno mengine, kisheria sisi ndio tunaodaiwa.

Upande wa Serikali, mpango wa Inua Jamii huwapa wazee walioandikishwa Sh2,000 kwa mwezi, lakini sharti uwe umetimiza miaka 70. Nyanya wengi wanaolea wana miaka 50 na 60. Wana umri wa kulea, hawana umri wa kusaidiwa.

Wenzetu ng'ambo wameanza kuuona mzigo huu. Uingereza, tangu Aprili 2011, nyanya au babu ambaye hajafikia umri wa pensheni anaweza kuhesabiwa muda wa kumlea mjukuu wa chini ya miaka 12 katika michango yake ya pensheni ya Serikali. Sweden iliwaruhusu wazazi, kuanzia Julai 2024, kumhamishia nyanya au babu sehemu ya siku zao za likizo ya uzazi yenye malipo. Kwetu bado, na kwa hivyo haki hii itabidi ianzie mezani nyumbani.

Si kila mtu ana nyanya karibu

Tukumbuke pia kwamba kuishi karibu na jamaa si jambo ambalo kila mtu hulichagua. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, ni mji wa watu waliotoka pembe zote, tangu enzi za reli na mashamba ya walowezi. Wapo pia waliofurushwa Molo na kwingineko katika ghasia za mwaka 2007 na 2008, wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho mjini Nakuru, kisha wakatawanyika. Kwao, nyanya aliyekuwa ng'ambo ya uzio sasa yuko kaunti nyingine. Mwenye nyanya wa kumfikia kwa matatu moja asijione mjanja kuliko jirani anayehangaika na yaya. Ni bahati tu.

Tulivyopatana

Siku ile Bahati tulitaka kumaliza mambo kwa pesa. Tukamwambia mama tutamlipa mshahara. Akakataa katakata. "Mkinilipa nitakuwa yaya," akasema, "na yaya hana neno juu ya mtoto." Nilielewa. Nyanya hataki kuajiriwa, anataka kuheshimiwa. Lakini heshima bila kitu mkononi ni maneno matupu.

Basi tulipatana hivi. Jumatano ni siku yake, naye alirudi katika chama chake. Mtoto hubaki nasi, na mimi na mke wangu hupokezana. Mtoto akiugua, wa kukosa kazi ni mzazi, si nyanya wa kukosa usingizi. Gharama za mtoto ni zangu hadi senti ya mwisho, ili pesa za kakangu ziwe za mama. Mimi na kakangu tulichanga tukamnunulia mtamba. Likizo za shule, watoto wa Mombasa huja Bahati, na mara moja kwa mwaka binti yangu huenda Busia kwa mama mkwe, ambaye naye alikuwa na kinyongo kwamba mjukuu ana nyanya mmoja tu.

Sisemi kwamba yote yamenyooka. Kakangu bado hunung'unika, na mimi bado huchelewa siku za Ijumaa. Na miaka miwili ya mama haiwezi kurudishwa na mtamba.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujafunga mfuko wa nepi Jumapili hii, jiulize maswali manne. Je, ulimwuliza au ulimjulisha? Ameacha nini ili amlee mwanao? Ni siku gani ya juma iliyo yake mwenyewe? Na ndugu zako wanajua nani anabeba nini?

Kisha mpigie simu umwulize yeye. Usikubali jibu la kwanza. Jibu la kwanza la nyanya huwa ni lile lile: kwamba hakuna shida, na kwamba ng'ombe amezeeka.